Udhaifu wa Mnyama Huzidisha Haki Yake: Ndama Aliyeumia Katika Fiqhi na Katika Historia ya Morogoro

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa za fiqhi, Morogoro mjini na katika vijiji vya milima ya Uluguru, huletwa suala ambalo kwa sura yake ni dogo. Ndama wa wiki mbili ameteleza korongoni akavunjika mguu. Au mtoto wa mbuzi amenasa mguu katika sakafu ya banda, na asubuhi amekutwa amejichuna mpaka mfupa unaonekana. Mwenye mnyama anapiga hesabu. Dawa ni pesa, nauli ya bwana mifugo ni pesa, na mnyama mwenyewe hata akipona huenda akawa kiwete. Nyama yake nayo haijafika kuwa nyama. Basi anamsogeza nyuma ya zizi na kusema kuwa Mungu atamchukua. Suala ni hili: je, mtu huyu ana dhambi?

Wengi wetu hulijibu kwa kuangalia thamani. Mnyama mzima ni mali, aliyeumia ni nusu ya mali, na mchanga aliyeumia si kitu. Kwa hesabu hiyo, kila udhaifu unapozidi haki hupungua. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa mafaqihi walikwenda njia iliyo kinyume. Kwao udhaifu wa mnyama huzidisha haki yake juu ya mwenye kummiliki, na wakati mwingine huizaa haki ambayo mnyama mwenye nguvu hana. Kisha tutaangalia jinsi jambo hili lilivyokutana na historia ya Morogoro, na kwa nini leo lina uzito kuliko jana.

Malisho ya Madina

Tuanze alipoanzia Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba kila Mtume aliyetumwa alichunga kondoo, na kwamba yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Basi aliyewafundisha watu huruma kwa wanyama alikuwa anaijua kazi ya uchungaji kwa mikono yake.

Na mikono hiyo haikuacha kazi baada ya Utume. Katika Sahihi ya Muslim, Anas bin Malik (R.A.) amesimulia alipompeleka mtoto mchanga wa Abu Talha kwa Mtume (S.A.W.) ili amfanyie tahniki. Alimkuta amevaa joho la sufi, anampaka ngamia wake lami. Lami ndiyo iliyokuwa dawa ya upele wa ngamia kwa Waarabu. Msomaji na azingatie: kiongozi wa dola ya Madina, mwenye watu wa kuwaamrisha, anatibu ngozi ya mnyama kwa mkono wake, na katika hali hiyo hiyo anapokea mtoto wa binadamu kumwombea baraka.

Imam Ahmad naye amepokea katika Musnad yake, kutoka kwa Sawada bin ar-Rabi' (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa ngamia, kisha akamwagiza awaamrishe watu wa nyumbani kwake mambo mawili. La kwanza ni kuwalisha vizuri watoto wa mifugo yao. La pili ni kukata kucha zao, ili wasizijeruhi chuchu za wanyama wakati wa kukamua. Katika agizo moja wamekusanywa mnyama mchanga na jeraha. Jeraha lenyewe ni dogo, la ukucha, wala halimpunguzii mwenye mnyama hata dirhamu moja. Pamoja na hayo limekatazwa.

Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) aliifuata njia hiyo. Ibn Sa'd ameeleza katika Tabaqat kwamba Umar alikuwa akiingiza mkono wake katika kidonda cha mgongoni mwa ngamia, huku akisema kuwa anaogopa asije akaulizwa na Mola wake juu ya maumivu ya mnyama yule. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea maagizo ya Umar kwa Sufyan bin Abdillah, aliyekuwa mkusanyaji wake wa zaka. Alimwambia amhesabu hata mtoto wa kondoo ambaye mchungaji anambeba mikononi, lakini asimchukue kuwa ndiye zaka. Mafaqihi wametoa hapo hukumu za zaka. Sisi tunaongeza faida moja ya historia: katika zama zile, mchungaji kumbeba mikononi mnyama asiyeweza kutembea lilikuwa jambo la kawaida, linalotajwa bila ya kuhitaji maelezo.

Neno la mafaqihi

Sasa tuingie katika vitabu. Katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho makadhi na walimu wa madhehebu ya Shafi kwenye pwani yetu wamekitegemea kwa karne nyingi, Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ameeleza haki za mnyama mwishoni mwa mlango wa matumizi ya lazima. Mwenye mnyama analazimika kumpa malisho na maji. Akikataa, na mnyama akawa ni wa kuliwa, hulazimishwa afanye moja katika matatu: amuuze, amlishe, au amchinje. Kisha anaongeza kuwa asikamue maziwa kiasi cha kumdhuru mtoto wa mnyama huyo.

Njia ni tatu, na ya nne haipo. Kumwacha nyuma ya zizi mpaka afe hakumo katika orodha. Maimamu Malik na Ahmad nao wamesema kuwa hakimu humlazimisha mtu huyo. Kwa Mahanafi, kauli mashuhuri ni kuwa mtu huamrishwa na ana dhambi kwa Mola wake, ila kadhi hamlazimishi. Naye Abu Yusuf amekwenda pamoja na wengi. Kwa hivyo wamehitilafiana juu ya mkono wa kadhi, hawakuhitilafiana juu ya dhambi. Mashafi wameongeza kuwa mwenye mnyama akiwa hana kitu kabisa, na mnyama hauziki, basi gharama huenda kwenye Baitul Mali.

Mwanafunzi mwerevu atasema kuwa ibara ya Minhaj imetaja malisho na maji, haikutaja dawa. Hilo ni kweli. Jawabu analo Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam (aliyefariki 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia), mwanachuoni wa Sham na Misri. Katika kitabu chake Qawa'id al-Ahkam ameziorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Ya kwanza aliyoitaja ni kuwagharamia matumizi yao hata kama wamelemaa au wameugua kiasi cha kutokuwa na faida yoyote. Akaendelea: wasibebeshwe wasichokiweza, wasichanganywe na wanyama wanaoweza kuwavunja, kuwapiga pembe au kuwajeruhi, na wala watoto wao wasichinjwe mbele ya macho yao. Ikiwa kilema asiye na faida hakupoteza haki yake ya matumizi, vipi apoteze haki hiyo ndama ambaye mguu wake unaweza kuunga? Na ikiwa ni wajibu kumkinga na jeraha kabla halijatokea, kumwachia jeraha likaoza kuna udhuru gani?

Dalili iliyo wazi zaidi imo katika mlango wa vilivyookotwa. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya ngamia aliyepotea, akakasirika na kuamuru aachwe, kwani ana miguu yake na ana akiba yake ya maji. Alipoulizwa juu ya kondoo, akaruhusu achukuliwe, kwani asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwa mwitu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wakija kuifafanua, wanachuoni wa Kishafi, akiwemo al-Khatib ash-Shirbini (aliyefariki 977 Hijria, sawa na 1570 Miladia), wamewaweka katika hukumu ya kondoo wanyama wawili wengine: ndama, na ngamia au farasi aliyevunjika. Ngamia mzima haokotwi, lakini akivunjika anaingia pamoja na wachanga, na mpita njia anaruhusiwa kumchukua na kumhifadhi. Uchanga na uvunjikaji vimekuwa sababu moja ya haki moja. Hapa ndipo tuliposema kuwa udhaifu huizaa haki ambayo mwenye nguvu hana.

Mganga wa asiyesema

Huenda mtu akadhani kuwa haya yalibaki vitabuni. Historia inasema vinginevyo. Katika miji ya Kiislamu alikuwapo muhtasib, msimamizi wa masoko, na chini ya usimamizi wake walikuwapo mabaytar, yaani waganga wa wanyama. Ash-Shayzari wa Sham, aliyeandika katika karne ya 6 Hijria, amewawekea mlango wao katika kitabu chake cha hisba, na Ibn al-Ukhuwwa wa Misri (aliyefariki 729 Hijria, sawa na 1329 Miladia) akafanya vivyo hivyo. Ash-Shayzari ameeleza kuwa kuwatibu wanyama ni kugumu kuliko kuwatibu watu, kwa sababu mnyama hana ulimi wa kueleza maumivu yake. Kwa hiyo akashurutisha baytar awe na dini ya kumzuia asithubutu kukata, kuchoma moto au kutoa damu bila ya ujuzi. Na huko Kairo, Abu Bakr al-Baytar, mganga wa farasi wa Sultan an-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki 741 Hijria, sawa na 1341 Miladia), aliandika kitabu kikubwa cha fani hiyo, Kamil as-Sina'atayn.

Uluguru na mifugo yake

Tukirudi kwetu, twakuta ardhi iliyokuwa ngumu kwa mifugo. Milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yake yamening'inia kwenye miteremko. Chini yake, kwenye mbuga za mto Ruvu na Wami, mbung'o walieneza nagana. Ndiyo sababu Waluguru walikuwa wakulima zaidi kuliko wafugaji, na aliyefuga alifuga mbuzi, kondoo na kuku wachache. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita chini ya milima hiyo, kwenye mji wa Simbamwene uliojengwa na Kisabengo, ambapo leo ni Morogoro. Wanyama wengi wa misafara hiyo waliishia njiani. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla hajaufikia mji huo.

Kisha ikaja sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Serikali ya Kijerumani ikaanzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Huduma hiyo ya wakoloni ilizaliwa kwa hofu ya maradhi ya kuambukiza: kundi zima likiwa hatarini, serikali huja. Ndama mmoja aliyevunjika mguu haambukizi mtu, hivyo alibaki kwa mwenyewe.

Baada ya uhuru Morogoro ikawa makao ya elimu hiyo. Mwaka 1976 mafunzo ya udaktari wa mifugo yaliongezwa katika kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho makazi yake yalikuwa chini ya milima ya Uluguru, na Julai 1984 kitivo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walipelekwa kwa wakulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Mlimani pasipo na malisho mapana, mbuzi hukaa bandani na mtu humletea majani. Na hapo hukumu ya fiqhi inazidi uzito. Mnyama wa mbugani hujitafutia. Aliyefungiwa bandani hana mlango wa riziki isipokuwa mkono wa aliyemfungia. Mwanamke aliyetajwa katika hadithi ya paka aliadhibiwa kwa sababu alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Ndama wa jirani uliyegombana naye

Upande wa pili wa mkoa, katika wilaya za Kilosa na Mvomero, jambo hili limevaa sura ya kutisha. Ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji umemwaga damu za watu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Na damu za wanyama nazo zimemwagika. Mwanzoni mwa mwaka 2016, katika kijiji cha Dihinda wilayani Mvomero, makumi ya mbuzi na kondoo walikatwa mapanga.

Hatusemi kuwa mkulima hana haki. Shamba lake ni jasho lake. Sheria ya Kiislamu imemlinda tangu zama za Mtume (S.A.W.). Ngamia wa al-Bara' bin Azib (R.A.) alipoingia katika bustani ya watu na kuiharibu, Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo waizuie usiku, kinachoharibiwa usiku hulipwa na mwenye mnyama. Kabla yake, Qur'an katika Suratul Anbiyaa imetaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (A.S.) katika kesi ya kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wamesimulia kuwa Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Sulaiman naye akahukumu kuwa mwenye shamba awachukue kondoo anufaike na maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe chake. Zitazame hukumu zote mbili. Katika zote fidia imetoka katika mali ya mwenye kosa, na hakuna kondoo hata mmoja aliyeguswa kwa kisasi.

Fiqhi imempa mkulima ruhusa ya kumfukuza mnyama kwa njia nyepesi kwanza, kisha inayofuata kwa uzito kadiri ya haja. Akimjeruhi kwa hasira wakati angeweza kumtoa kwa fimbo au kwa sauti, kwa Mashafi atalipa kiasi kilichopungua katika thamani yake. Fidia hiyo ni haki ya mwenye mnyama. Lakini yupo mwenye haki mwingine, naye ni ndama aliyelala shambani na panga mgongoni. Yeye hakusoma mpaka wa kijiji. Hajui hati ya ardhi. Haki yake ya maji na kivuli haingoji baraza la usuluhishi. Aliyemkuta wa kwanza, mkulima au mfugaji, ndiye aliyeelekewa na amri, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri kwamba kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kina malipo kwa mwenye kukihurumia. Hadithi hiyo ilisemwa kuhusu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Haikuuliza mbwa ni wa nani.

Nini kifanyike

Turudi kwa muulizaji wetu. Ndama wake anaposimama mbele ya moja ya zile njia tatu, tunamshauri hivi.

Kwanza, atazame kama jeraha linatibika. Mifupa ya mnyama mchanga huunga upesi kuliko ya mzee. Aoshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, amfunge mabanzi mguuni bila ya kukaza mno, ampeleke kivulini, amgeuze ubavu mara kwa mara, na amwite bwana mifugo. Kama ndiyo kwanza amezaliwa na hawezi kusimama kunyonya, akamue dang'a ya mama yake na kumnywesha katika saa za mwanzo. Bila ya dang'a, atakayepona mguu atakufa kwa maradhi mengine.

Pili, asipoweza gharama, amuuze au ampe mwenye kuweza, kwa kubainisha aibu yake. Kuficha jeraha katika biashara ni haramu.

Tatu, ikiwa hatapona, amchinje mapema na kwa kisu kikali. Uchelewaji una madhara ya kisheria pia. Mashafi wameshurutisha kuwa mnyama aliyefikishwa ukingoni mwa kifo na jeraha au kuanguka lazima awe na uhai uliotulia wakati wa kuchinjwa. Akiwa amebaki na mtikisiko wa anayekata roho tu, nyama yake ni mzoga. Katika Bukhari mna kisa cha kijakazi wa Ka'b bin Malik aliyekuwa akichunga katika mlima wa Sal' karibu na Madina. Aliona kondoo anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja nalo, na Mtume (S.A.W.) akaruhusu aliwe. Mchungaji yule hakungoja kuitiwa mwanamume, wala hakungoja kisu.

Na kwa punda, njia ya kuchinja imefungwa. Katika Fath al-Mu'in, kitabu kinachosomwa sana kwetu, Sheikh Zainuddin al-Malibari amesema wazi kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, akapiga mfano wa punda aliyelemaa. Mwenye punda wa namna hiyo hana budi kumtunza.

Sheria ya nchi nayo, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008, imekataza kumtesa mnyama. Ila sheria hiyo haimfikii kila mtu usiku wa manane kwenye korongo la Uluguru, ambako hakuna shahidi. Huko anakuwapo ndama, mwenye ndama, na Mola wao. Kwa hiyo jawabu la suala letu ni: ndiyo, ana dhambi aliyemwacha ilhali alikuwa na moja katika njia tatu.

Tunawaomba walimu wa madrasa walifundishe hili mapema, kwani kwetu wanaokwenda na mbuzi malishoni ni watoto, na wao ndio wa kwanza kumwona aliyeanguka. Mtoto aliyezoea kumbeba mikononi mnyama asiyeweza kutembea amekwisha kusoma mlango mzima wa fiqhi kabla hajafungua kitabu.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi at-tawfiq.